Mchezo wa Magari na Ufunguo wa Salle ya Vijana

Jumatatu, 2 mwezi wa kumi

Leo bahati yangu imefika ndani ya karatoni. Abbé Apollinaire, padre anayesimamia bibliothèque, maktaba ya paroisse yetu hapa Butembo, ameifungua mbele yetu. Imetoka Beni, kwa familia moja ya Bungulu ambayo batoto wao wamekuwa wakubwa. Ndani mna mashini ya kuchezea kwenye televizyo, manette mbili za kushika mkononi, na mchezo mmoja tu: Wafalme wa Goudron, yaani wa lami. Magari yanashindana katikati ya mji, polisi nyuma yao.

Abbé anasema hakuna kitu kinaingia katika rafu za vijana bila fiche, karatasi ya kusema kama kinafaa. Kitabu, fiche. Mchezo pia, fiche. Tuko bénévoles wawili, wa kujitolea bila malipo, mimi na Mariette. Kila mutu ataandika yake, comité itakaa Ijumaa. Mwenye fiche nzuri atapewa kazi ya salle, chumba cha vijana, yenye posho kidogo, pamoja na ufunguo wake.

Ufunguo ule naupenda sana. Nikiupata, nitaacha kuuza nyanya kando ya barabara, na mtoto wangu Providence atalala mahali pasipo na vumbi. Ana miezi nane, na anakohoa kama mzee.

Mariette ana diplôme d'État. Mimi niliishia ya pili secondaire. Hapana neno. Nimeandika jina langu juu ya fiche kwa kalamu ya bic nyekundu. Mariette akasema nyekundu ni ya mwalimu. Nimemwambia ndiyo, nazoea.

Jumanne, 3 mwezi wa kumi

Nimecheza mara ya kwanza, mtoto mgongoni. Ukuta. Ukuta tena. Kibanda cha mkate. Mto.

Fiche inauliza: mchezo huu unafundisha nini? Niliandika: kuogelea. Nikafuta.

Gari likianguka mtoni, Providence anacheka mpaka anapata kwikwi. Kwa hiyo nimeanguka mara mbili zaidi kwa kusudi. Hiyo sikuiweka kwenye fiche.

Mariette hata hakugusa manette. Amesoma maneno ya nyuma ya boîte, kisanduku cha mchezo, amejaza ukurasa mzima. Anasema mchezo unafundisha batoto kukimbia polisi, donc atauandikia Refusé. Nimefikiri sana wakati wa kuosha nepi. Tukisema wote hapana, diplôme itashinda. Basi mimi nitasema ndiyo. Sijajua bado kwa nini ndiyo, lakini nitapata.

Jumatano, 4 mwezi wa kumi

Nimepata! Bwana Grady, polisi wa roulage anayeongoza magari pale rond-point. Ametoka Kikwit, anatukana motards wa pikipiki kwa Lingala, kila mutu anamuogopa. Yeye akitia sahihi kwenye fiche yangu, Mariette atasema nini tena juu ya polisi?

Nimemupelekea beignets sita, mandazi ya moto. Alikula ya kwanza akiwa na firimbi mdomoni, sijui alifanyaje. Aliniuliza kama katika mchezo huo mutu anaweza kuendesha kwa kufuata sheria: mukaba, mwendo mdogo, kuachia njia wenye haki. Nimemwapia ndiyo, kabisa. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Atakuja Ijumaa. Alipeleka beignets zilizobaki kwa mwenzake, halafu akazirudia.

Alhamisi, 5 mwezi wa kumi

Siku nzima mazoezi ya sheria. Mwendo thelathini. Kwenye carrefour, pale njia panda, nasimama, naangalia kushoto, naangalia kuume, naenda. Wenzangu wamekwisha kufika zamani. Nimekuwa wa nane kati ya wanane, mara tisa. Mara moja bibi mmoja anayetembea kwa miguu ndani ya mchezo amenipita.

Lakini nimeandika: ajali, zero.

Mariette alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Akasema, “Mama Providence, uko unashindana ao uko unatafuta parking?” Nimemujibu kwamba anayefika ndiye anahesabiwa. Akasema mimi hata sijafika, saa ya mchezo imekwisha nikiwa njiani. Ilikuwa kweli. Nikajifanya namnyonyesha mtoto.

Jioni Salomon, bwana yangu, amepiga simu toka Beni, kule anakopakia mbao. Nimemweleza mpango wote. Ameuliza kama si rahisi zaidi kuandika tu yale ninayofikiri. Wanaume hawajui siasa.

Ijumaa, 6 mwezi wa kumi

Nataka kuandika polepole, kwa sababu uso bado unawaka.

Comité wamekaa: Abbé katikati, Bwana Grady kwa mukono wake wa kuume, beret imenyooka. Mariette pembeni na kurasa zake tatu. Mimi mbele ya televizyo, Providence kwenye magoti. Nikachagua barabara mpya, pana, asubuhi yenye jua, ili wavutiwe.

Naanza kwa mwendo mzuri. Bwana Grady anatikisa kichwa kwamba vema. Mara, nyuma yangu, naona magari saba meusi. Yamefuatana moja nyuma ya lingine, polepole, taa zinawaka mchana kweupe.

Hapa Butembo, hata mtoto wa gardienne, wa shule ya chekechea, anajua hiyo ni nini. Nikapeleka gari kando. Nikaweka manette chini, nikasimama na mtoto wangu. Bwana Grady akasimama, akavua beret. Abbé akafanya ishara ya msalaba. Tukakaa kimya, magari yakipita. Nilimuuliza Abbé chini chini kama inafaa kuuliza ni nani aliyekufa.

Gari la mwisho likagonga langu.

Mariette akasema, taratibu sana, “Bale ni benye munashindana nabo. Baliisha kuanza.”

Abbé ndiye alianza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu Bwana Grady akaomba manette, kwa kukagua tu. Akakagua saa nzima. Polisi wa mchezo walipomfukuza, alipita juu ya trottoir ya wenye kutembea, ndani ya soko, akipiga kelele kwa Lingala yake wamuache: “Tika nga! Tika nga!” Amewaponyoka wote. Ndipo akakumbuka amevaa uniforme. Akarudisha beret kichwani, akasema mutu wa serikali hawezi kutia sahihi kwenye kitu cha namna ile.

Ndiyo mwisho wa mpango. Nimelia kidogo nyuma ya bibliothèque. Providence alinishika pua.

Jumamosi, 7 mwezi wa kumi

Abbé ametuita baada ya salongo, usafi wa pamoja wa mtaa, viatu vyetu bado vina matope ya mtaro.

Fiche ya Mariette, anasema, ina Kifaransa kizuri sana. Mais imeandika kwamba mchezo ni wa mutu mmoja, na manette ni mbili. Yangu ina makosa thelathini na moja, na haisemi kitu chochote kinachoaminika. Nikaangalia matope.

Halafu akaniuliza, bila karatasi: Providence akiwa na miaka kumi na tano, nitamuacha acheze? Sikuwa na mpango tayari. Nikasema ndiyo, nikiwa nimekaa karibu naye. Kwa sababu vijana wetu wengi watapanda pikipiki siku moja, na kule njiani ukianguka hakuna kuanza upya. Hapa anaweza kuanguka, tukaongea, akaanza upya.

Abbé akasema hiyo ndiyo fiche, aliingoja tangu Jumatatu. Mchezo unaingia, kwa vijana wa miaka kumi na tano kwenda juu, nusu saa, mtu mzima karibu. Ufunguo ni wangu kwa kujaribiwa. Mwisho wa mwezi ataangalia daftari: kama vijana ishirini wamejiandikisha, naendelea. Kama hapana, Mariette. Na akaniomba kitu kimoja tu: kuanzia sasa niende njia iliyonyooka. Nimeapa, mukono juu ya Biblia yake.

Mariette amenipa mukono. Akasema, “Mama Providence, kazi njema, ila ujifunze kuendesha.”

Jumapili, 8 mwezi wa kumi

Nimefungua salle mwenyewe baada ya misa. Providence amelala juu ya benchi, kanga chini yake, hakohoi.

Nimeanza daftari. Nina vijana kumi na mmoja: wanne wamekuja kweli, sita ni wa kijijini kwetu Kalunguta na nitawajulisha kwamba wamejiandikisha nikienda kuvuna, na wa kwanza kabisa, kwa bic nyekundu, Providence, miaka kumi na tano. Abbé akiuliza, nitasema ni mfupi.