Tiketi ya Nusu Nauli ya Mratibu Mkuu

Ofisi ya Kanda ya Uratibu wa Magunia, inayohudumia Nachingwea na Ruangwa, ina furaha kuutangazia umma kwamba zoezi la kutafuta tiketi ya ndege ya bei nafuu kwa njia ya mtandao limekamilika kwa mafanikio makubwa. Tiketi ilipatikana. Tuliyemkosa ni Mratibu Mkuu.

Kwa kuwa maneno yamekuwa mengi pale stendi, mimi Felisian, Katibu wa Kamati, naeleza kitaalamu.

Ilikuwa Aprili 2007. Mvua imeikata barabara ya Dar, na Mratibu Mkuu wetu, Mzee Mikidadi, anatakiwa huko Jumamosi kupokea Tuzo ya Maamuzi ya Haraka. Aliitamani tuzo hiyo kuliko pilau. Msumari wa kuitundikia alishaupigilia ukutani, na kila mgeni alionyeshwa msumari kwanza, shida zake baadaye. Ndege angepandia Mtwara. Lakini waraka wa makao makuu ulisema wazi: nauli itafutwe mtandaoni, na ikatwe iliyo ya chini kuliko zote, la sivyo safari imefutwa.

Tukaunda kamati ya watu saba. Siku ya Jumatatu tulihamia kwa Hajra, mwenye duka la intaneti: chumba kimoja, kompyuta mbili, na benchi la watu ambao hawakuwa na shida yoyote na kompyuta ila hawakutaka kupitwa na jambo.

Hajra alitafuta dakika nne. "Hii hapa, laki moja na sitini. Nibonyeze?"

"Usithubutu!" Mratibu Mkuu alimshika mkono. "Kubonyeza ni maamuzi. Maamuzi yana kikao."

"Mzee, bei za mtandaoni hazimsubiri mtu."

"Zitaisubiri serikali."

Utaratibu unataka bei tatu zilizogongwa mhuri. Tukaprinti, tukagonga, tukakaa kikao, tukanywa soda. Jumanne tuliporudi na muhtasari uliosainiwa, bei ilikuwa laki moja na themanini. Kamati ilisikitishwa sana na utovu wa nidhamu wa kompyuta ile. Tukaiandikia barua ya kuitaka ijieleze ndani ya saa ishirini na nne. Hajra akaipokea, akaibandika ubavuni mwa kompyuta, akaendelea kumenya chungwa. Jumatano kompyuta haikujibu. Bei ilikuwa laki mbili na kumi.

"Kesho mtaikuta inalingana na bei ya shamba," alisema mama mmoja wa benchini, na benchi zima likacheka bila kibali.

Alhamisi ilikuwa imebaki nafasi moja. Mratibu Mkuu alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye tai. Hajra akapekua, akapekua, ghafla akapiga kofi.

"Nimepata! Nusu nauli! Ila ni ya wazee, miaka sitini kwenda juu."

Waraka umesema ya chini kuliko zote. Lakini faili la Mratibu Mkuu linasema amezaliwa mwaka 1954, kwa hiyo ana miaka hamsini na mitatu, na miaka saba ya kiti chake, kabla ya kustaafu akifika sitini, bado ipo.

"Bahati mbaya," alisema Mratibu Mkuu. "Mimi bado kijana."

Hapo ndipo benchi lilipotoa sauti. Ni Mzee Jumaa wa Chunyu, kaja kuuza ufuta, kapita kujikinga na mvua.

"Kijana nani? Mikidadi, hebu nitazame usoni! Si tuliingia jando pamoja, mwaka ule treni ya karanga imeanza kuja hapa? Tena ulilia wewe! Tulikuimbia siku tatu!"

Treni ya karanga, ile ya mradi wa Waingereza, ilianza kuja kabla ya mwaka 1950. Kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi, basi, Mratibu Mkuu aliingia jando miaka kadhaa kabla ya kuzaliwa. Kamati iliona ni jambo linalowezekana kwa kiongozi mwenye maono.

"Nilikuwa nasindikiza," alisema Mratibu Mkuu.

"Unasindikiza unalia?"

Benchi liliangua kicheko hadi muuza karanga akaingia kuuliza kuna nini. Mratibu Mkuu akanivuta pembeni.

"Katibu, kompyuta hii inajuana na ile ya makao makuu?"

"Haiwezekani, mheshimiwa. Ile ya makao makuu imefunikwa kitambaa."

Akaitazama nusu nauli. Akawaza msumari wake. Akamgeukia Hajra, kwa sauti ya chini ambayo benchi zima liliisikia: "Weka arobaini."

Hajra akaanza kuteremsha miaka kwenye skrini. Akateremka hamsini na nne, akapita hamsini, akaendelea kushuka huku watu wanahesabu pamoja naye, na alipofika 1940 wakapiga makofi. Mara hii hakuna aliyedai kikao. Hajra akabonyeza.

Mimi nikakamilisha utaratibu. Tiketi, yenye tarehe ya kuzaliwa, niliitoa nakala tatu, nikazigonga mhuri, nikazifunga kwenye bahasha yenye lakiri, ili Mratibu Mkuu akaikabidhi mwenyewe makao makuu. Alipanda ndege ameikumbatia.

Wanasema ofisa utumishi aliifungua palepale ukumbini, akasoma, akaomba kalamu. Ndani ya dakika kumi na moja, bila kikao wala soda, Mzee Mikidadi alikuwa amestaafu tangu mwaka 2000. Waliokuwepo walishangaa kasi ile, na Tuzo ya Maamuzi ya Haraka akapewa huyo ofisa.

Mzee Mikidadi sasa yuko Chunyu, analima ufuta karibu na Mzee Jumaa, na jioni huimbiwa.

Kiti chake nakikaimu mimi, ambaye nina miaka arobaini na tisa, huu ukiwa mwaka wangu wa nne wa kuwa na umri huo. Agizo langu la kwanza limeshatoka: kuanzia sasa, safari zote za ofisi hii zitakuwa kwa basi.