Tano Bila, na Zamu ya Tluway

Radi FC walikuwa wamepigwa tano bila, tena nyumbani, na Modest aliileta habari hiyo kwenye benchi la Eva muuza chai kabla hata hajakaa.

"Shikamooni wazee! Jamani, tumezikwa bila sanda!"

"Marahaba," wakajibu wawili waliokuwepo. Mmoja ni mzee Nikolausi, anayeitwa Babu VAR, kama ile video ya marudio ya waamuzi, kwa sababu haamini neno mpaka lirudiwe mara tatu. Wa pili ni Tluway, na huyo kijiji kizima cha Daudi wanamwita Nidhamu. Hakuna anayependa adhabu kama yeye, ilimradi anayeadhibiwa ni mwingine.

Ukweli ni kwamba Tluway hakupaswa kuwa pale. Ilikuwa zamu yake ya kuchunga ng'ombe wa nyumba nne, kumi na mmoja kwa jumla, na sheria ya zamu inajulikana hata na watoto wa chekechea: likitokea lolote, aliye zamu ndiye anayejibu. Lakini baridi ilikuwa kali na chai ya Eva ilikuwa karibu. Akawaacha bondeni na mbwa wake Komando. "Dakika tano tu," alijiambia, na saa nzima ilikuwa imeshapita.

"Goli la tatu ndilo lililoniua," Modest akaendelea. "Kepteni alikuwa kwenye uzio anabishana na mashabiki! Mpira unapita kwenye nafasi yake, yeye anawanyooshea watu kidole."

"Rudia," akasema Babu VAR.

Modest akarudia.

"Rudia tena."

"Babu, hata nikirudia ni goli lile lile!"

Tluway akapiga benchi, chai ikamwagika. "Mtu umevishwa kitambaa cha ukepteni, unaachaje nafasi yako kwenda kupiga soga? Soga! Wenzako wamekukabidhi mali zao..." Akakohoa. "Timu yao, namaanisha."

Eva akamtazama. "Kaka Tluway, leo si zamu yako?"

"Wako salama. Nimeacha msaidizi."

"Msaidizi gani?"

"Mzoefu."

Modest akainua simu. "Sikieni mwenyekiti wa klabu alivyoandika. 'Taarifa kwa umma. Matokeo yamechangiwa na upepo, urefu wa nyasi, na baadhi ya mashabiki kukata tamaa mapema. Klabu imeachana na kocha msaidizi.'"

Benchi likatikisika kwa kicheko.

"Huo upepo ulikuwa unatupiga sisi tu?" akauliza Babu VAR.

"Kipindi cha pili tulibadilishana pande, babu. Na upepo nao ukahama!"

Tluway akasimama kabisa, kikombe mkononi. "Mimi ningekuwa mwenyekiti, ningesema maneno matatu tu. Kosa ni langu. Basi! Yanachoma mdomo hayo? Viongozi wa siku hizi bwana, wakishinda ni wao, wakifungwa ni nyasi!"

"Sema, Nidhamu!"

Alikuwa anavuta pumzi aendelee, mara kitu cha baridi kikamgusa goti. Akatazama chini. Alikuwa Komando, ulimi nje, anatikisa mkia kwa furaha.

"Ndiye msaidizi mzoefu huyo?" akauliza Eva.

Kabla hajajibiwa, mama Kornelia akatokea barabarani, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili ameshika majani ya kitunguu saumu yaliyotafunwa.

"Shikamoo mama," akasema Tluway, sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu." Heshima kwanza. "Zamu ya nani leo? Ng'ombe wamo kwenye vitunguu vyangu. Wote!"

"Kumi na mmoja wote?" Babu VAR akashangaa. "Hata kipa?"

"Mama," Tluway akaanza, "uzio wako kwanza ni mfupi. Halafu huu upepo wa leo, ukipeleka ile harufu bondeni..."

"Upepo!" Modest akaanguka chini na simu yake.

"Na huyu mbwa hakufuata maelekezo."

"Klabu imeachana na kocha msaidizi!" akapiga kelele Eva, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Mama Kornelia hakucheka. "Nimeuliza zamu ya nani."

"Nitatoa tamko baada ya uchunguzi," akasema Tluway, na mbio akashuka bondeni, Komando akimtangulia.

Kesho yake asubuhi wote walikuwa kwenye benchi, mama Kornelia akiwemo. Eva akamimina chai ya maziwa. Babu VAR akanywa, akasita. Akanywa tena. Mara ya tatu akaweka kikombe chini.

"Kitunguu saumu."

Maziwa ya nyumba zote nne yalikuwa hivyo. Tangu alfajiri watoto walikuwa wamegoma kunywa uji wa maziwa.

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema mama Kornelia taratibu, naye akanywa funda lake bila kukunja uso.

"Eva, labda hiyo sufuria..." Tluway akaanza. Eva akainua upawa. Tluway akawatazama mmoja mmoja, wanavyokunywa kwa sababu yake bila kumtukana, na aibu ikampata kweli kweli. Akasimama, akavua kofia.

"Mama Kornelia. Wenzangu. Kosa ni langu."

Modest akashusha simu. Hakuna pale aliyewahi kusikia kiongozi yeyote akisema hivyo, wa mpira wala wa ng'ombe.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo na jembe," akasema mama Kornelia. "Na mbwa mwache nyumbani."

Babu VAR akatega sikio, kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia."