Padi ya Pili

Jumanne, 5 Agosti 2025

Fuu! Fuu! Ndivyo Joash alivyopuliza kaseti ya TV gemu kabla ya kuichomeka. Mara mbili, si tatu. Ndiyo sauti pekee ya kaka yangu iliyobaki kichwani mwangu. Kicheko chake sikikumbuki. Nimejaribu.

Tulirudi jana kutoka Bungoma. Siku ya tatu baada ya maziko, Anko Khaemba aligawa vitu vya Joash. Aliyetahiriwa pamoja na marehemu huchagua kwanza, naye ni binamu yetu Bravin. Vya maana vilikuwa viwili: jaketi ya ngozi, na TV gemu kuukuu yenye kaseti moja ya kupigana. Nilitaka gemu. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nikapanga. Tangu utotoni Bravin hunyakua kile ninachokitaka mimi. Kwa hiyo nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba naililia jaketi, na kwamba gemu ni takataka.

Bravin akanitazama kwa huruma. Akasema, "Chukua jaketi, Sista. Mimi nitabaki na hii takataka."

Amekuwa mwema! Tangu lini? Hakuna aliyeniarifu.

Jaketi inanifika magotini.

Jumatano, 6 Agosti

Habari mbaya. Bravin amepata kazi Kamere, kwenye shamba la maua. Anahama Jumatatu na vitu vyake vyote.

Mama ameuliza kwa nini naukodolea macho ukuta. Nikamwambia. Akasema nitoke hapa Section 58, niende mtaani kwao Free Area, nimwombe Bravin, basi. Nimwombe! Baada ya yale niliyoyasema mbele ya Anko Khaemba? Nina digrii ya takwimu.

Nimempigia simu. Raundi tano, Jumapili baada ya kanisa. Nikishinda, naichukua mashine. Akauliza, kwani naitaka? Nikasema siitaki, nataka kuishinda tu. Akasema sawa, Sista.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi kwa kina Bravin. Mwenyewe hakuwepo.

Gemu ni mbaya! Nilikumbuka mabingwa wanane. Ni mtu mmoja, kabadilishwa rangi ya suruali mara nane. Umati unaoshangilia ni vichwa sita, na kimoja kimegeuka nyuma. Ngumi inatoka adui akiwa ameshaondoka. Hiki ndicho nilichokililia miaka yote?

Hata hivyo nimechora jedwali la mapigo. Aunti Nasimiyu, mamake Bravin, akaacha kuchambua sukuma wiki, akaomba ajaribu. Nikampa padi ya kwanza, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Kanipiga raundi tatu kwa kidole gumba kimoja. Kisha akauliza, "Sasa hapa mimi ni yupi?"

Ijumaa, 8 Agosti

Sikulala vizuri. Jedwali linaonyesha jambo: teke langu halikutoka hata mara moja. Nimeichukua padi ya pili, nimemwambia Aunti naisafisha. Nyumbani nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu.

Chini ya kitufe cha teke kuna karatasi, imekunjwa mara sita. Kutoka daftari langu la hesabu la darasa la nne. Hesabu yenyewe nilipata.

Joash alinipa padi ya pili siku zote. Alisema ndiyo ya wageni wa heshima. Miaka sita nilishindwa, nikalia, nikamwomba tena. Miaka sita sikuwa na mguu!

Nimecheka mpaka Mama akaja mlangoni. Kufikia hapo sikuwa nikicheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwaminifu angeitupa karatasi. Nimeikunja vilevile, nimeirudisha mahali pake, nimekaza skrubu zote. Kesho Bravin atapewa padi ya pili.

Namuenzi marehemu.

Jumapili, 10 Agosti

Chai, mandazi, maombi marefu ya Aunti. Kisha Bravin akashika kaseti. Fuu! Fuu! Mara mbili. Sijui nani alimfundisha. Hapo nilikuwa nimeshashindwa.

Nikanyoosha mkono kuelekea padi ya kwanza. Bravin akanizuia kwa upole. Hapa ni kwake, akasema, na mgeni ni mimi. "Si unakumbuka Joash? Padi ya pili ni ya mgeni wa heshima." Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaipokea.

Tano kwa sufuri. Suruali yangu ya kijani ilianguka chali mara tano. Kile kichwa kilichogeuka hakikuona.

Bravin akazima tivi. Akaniuliza taratibu, "Sista, hii kitu unaitaka? Sema tu, ichukue." Aunti akashusha kikombe. Nilikuwa na neno moja la kusema.

Nikasema nani ataitaka takataka kama hiyo.

Akaifunga ndani ya blanketi, akaitia sandukuni.

Jumatatu, 11 Agosti

Bravin ameondoka saa tatu. Mashine, kaseti, padi mbili, na karatasi yangu ndani. Mama amesema nilihitaji kufungua mdomo tu. Amesema mara mbili.

Nimevaa jaketi, nimetafakari sana. Shamba lile la Kamere linatafuta karani wa kuhesabu mashina ya waridi. Wanakubali hata wa kidato cha nne. Barua ya maombi nimeshaituma, saa nne na nusu. Penye sababu ya kuitaka kazi nimeandika: napenda maua.