Chipu Iliyokuja Mtihanini na Mkalimani Wake

Bongwe, Agosti 1998

Kwa Bwana Mhariri wa ukurasa wa kompyuta,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Kusoma nimejifunza ngumbaru, kwa hiyo usinijibu kwa maneno marefu.

Jumapili mliandika kwamba chipu fulani, huo ubongo wa kompyuta, imezishinda chipu nyingine zote kwa kasi. Mwanangu Abubakar, mwenye duka la kupiga chapa pale Ukunda, amekikata kipande hicho cha gazeti akakitia mfukoni, na sasa ataka kumuuza ng'ombe wangu wa maziwa anunue kompyuta hiyo. Nimemwambia hauzwi mtu hapa mpaka nikuulize wewe.

1. Kule chini, kwa herufi za sisimizi, mmekiri kwamba kompaila, yaani ile programu inayoyafasiri maagizo ya watu yawe lugha ya chipu, imetengenezwa na kiwanda kilekile cha chipu. Ala! Mshtakiwa aje kortini na mkalimani ambaye ni mamake mzazi?

2. Mjukuu wangu Hafsa anasomea mambo haya. Asema kompaila nyingine huyatambua maswali ya mtihani wa kasi na kuyaandalia njia ya mkato. Mtoto wa shule akifanya hivyo huchapwa. Nyinyi mmempa kikombe.

3. Programu za dukani kwa Abubakar zimefasiriwa kwa kompaila za watu wengine kabisa. Kasi yenu haitafika Ukunda. Ng'ombe wangu atakuwa ameshafika kwa mchinjaji.

4. Mwaka jana kwenye mashindano ya kukuna nazi, jirani yangu Kadzo alinishinda kwa mbuzi ya kukunia iliyotiwa meno na mumewe. Nilisema siku ile, na leo nasema tena: sote tukalie mbuzi moja! Chipu nazo zipimwe kwa kompaila moja, ya mtu asiyeuza chipu.

5. Mkishindwa, andikeni ukweli: "Imeshinda nyumbani kwao."

Nisalimie mkeo, watoto, na wenzako wote ofisini. Huyo wa herufi za sisimizi simsalimii.

Ni mimi mwenye ng'ombe,
Bi Biasha Mbwana

Nimesahau: Abubakar ameingia sasa hivi na mbuzi mpya, meno ameyanoa mwenyewe kwa tupa, kiti amekikata kwa kipimo changu. Nimeijaribu kwa nazi nilizozichagua mimi. Wallahi, nazi ilikwisha kabla sijakaa vizuri! Mashindano ni Jumamosi. Ng'ombe nimemruhusu amuuze. Barua hii naomba itoke Jumapili, isitoke kabla, maana Kadzo naye husomewa gazeti.