Maksai Aliyeingia Kwenye Begi

Jumanne, 6 Oktoba 1998

Naanza kuandika leo ili wajukuu wangu wajue nilivyooa. Mimi ni Werema, karani wa duka la mbolea hapa Migori, na ndimi Mkuria wa kwanza kulipa mahari kwa kompyuta. Bado sijalipa. Lakini nitalipa!

Hali ni hii. Ng'ombe wote wa mahari ya Phelesia, mchumba wangu, wameshafika kwao Kehancha, kasoro mmoja: maksai wa mwisho. Nilikuwa naye. Nikambadilisha Homa Bay kwa kompyuta ya kukunja, iliyotumika kidogo. Watu wanasema nimerogwa. Wivu mtupu. Maksai analima tu. Kompyuta inaandika barua, inapiga hesabu, haili nyasi, haipati kupe, na mwizi hawezi kuiswaga kuvuka mpaka.

Jumapili nikampelekea Mzee Gisiri, baba yake Phelesia, aione kwanza. Nikaiwasha. Ikanguruma. Yakatokea yale mawingu ya Windows 95. Yakakaa. Mzee akaletewa uji. Mawingu bado. Mzee akamaliza kibuyu kizima, akapangusa ndevu. Mawingu! Ilipofunguka hatimaye, betri ikafa papo hapo.

Maroa, kaka yake Phelesia, alicheka mpaka akashika nguzo ya boma. Akasema ng'ombe anayekawia kuinuka namna hiyo ni mgonjwa, na yeye hawezi kumfikisha kwa wakwe zake. Maana maksai huyu hatakaa kwa Gisiri. Atapitiliza hadi kwa kina Rael, ambaye Maroa anataka kumwoa. Ndivyo ilivyo kwetu: mahari ya dada humwoza kaka.

Mzee mwenyewe hakusema neno. Alitazama tu. Baadaye akatangaza kwamba wazee watakuja kukagua Jumamosi ya wiki ijayo. Ule ukimya uliniuma kuliko kicheko cha Maroa. Mashine lazima iinuke upesi, la sivyo sina mke.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimedanganya kazini kwamba jino linauma. Nikaenda Homa Bay kwa Javan, Mjaluo aliyenipa kompyuta. Ni fundi katika ofisi ya mradi wa samaki, mtu mpole sana. Nilikuwa na wazo la akiba: nimrudishie mashine, anirudishie maksai, yaishe. Akaniambia maksai alichinjwa kwenye matanga ya baba mkwe wake, na waombolezaji walimsifu. Nikampa pole ya mkwe. Akanipa pole ya maksai.

Javan anasema mashine haina kasoro, ni uzee tu, tena imebebeshwa mzigo mkubwa. Nichague mfumo mwingine wa kuiendesha. Naweza kurudi nyuma kwenye ule wa zamani wenye maandishi matupu, au kuna kitu kinaitwa Linux, au kuna Windows 98 iliyotoka mwaka huu.

Nirudi nyuma, mimi? Tisini na nane si zaidi ya tisini na tano? Javan akakuna kichwa, akasema 98 inataka mashine yenye nafasi kubwa. Nikamwambia asinibanie maendeleo. Akaiweka. Nikamwachia redio yangu kama shukrani.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeiwasha 98. Nimepika chai. Nimekunywa chai. Nimeosha kikombe, nikamsalimia jirani, nikarudi. Inafikiri.

Yaani hata 95 ilikuwa na adabu! Nimejaribu kufuta vitu ili nafasi ipatikane. Nimefuta vingi, nafikiri na vingine ambavyo havikutaka kufutwa. Sasa haifiki hata pale ilipokuwa inafika.

Jumapili, 11 Oktoba

Phelesia amekuja Migori baada ya ibada. Anafundisha watoto wa nasari na ana subira ya kazi hiyo. Alikuwa na habari za baba yake. Akaanza kusema kwamba tangu siku ile Mzee hana habari nyingine ila kompyuta, na kwamba hana haraka yoyote. Nikashtuka. Hana haraka ya kunioza binti yake! Nikamkatiza. Nikamweleza habari za memori, nikamchorea na picha. Alijaribu tena kuniambia jambo, lakini nilikuwa nimefika sehemu ngumu ya maelezo. Akaniangalia, akamaliza soda yake, akasema ameelewa. Mwanamke mwerevu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Jino tena. Homa Bay tena. Javan alishangaa jinsi mtu mmoja alivyoweza kufuta vitu vingi hivyo. Leo tumejaribu Linux, disketi alizoachiwa na Mzungu mmoja wa mradi. Mungu wangu, kasi! Lakini ikaniuliza mimi ni nani. Nikaandika Werema. Ikataka neno la siri. Nikaandika Phelesia. Ikakataa. Nikaandika jina la ng'ombe wa mama. Ikakataa. Mzungu ameshapanda ndege kurudi kwao, na neno lake la siri amekwenda nalo.

Ikabaki ile ya kurudi nyuma. DOS. Nimemeza kiburi. Javan akasafisha kila kitu, akaweka DOS peke yake, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Wafugaji hatuulizwi mara mbili. Nimemwachia koti la suti.

Jumatano, 14 Oktoba

Nabonyeza, inaamka! Kabla sijaketi vizuri, imeamka! Nimeizima na kuiwasha siku nzima. Wateja wa mbolea wamepanga foleni wakitazama. Mama mmoja kutoka Kosele aliuliza inafanya nini ikishaamka. Nikamwambia asubiri atasikia.

Nani atacheka Jumamosi? Maroa ataona.

Jumamosi, 17 Oktoba

Wajukuu wangu, haya nayo nitayaandika.

Nilifika Kehancha nimevaa koti la kuazima, mikono yake imeniishia kwenye viwiko. Wazee walikuwa wameketi kivulini mwa ghala la mahindi. Wakaizunguka mashine kama desturi inavyotaka. Mmoja akaipapasa tumboni, akasema ina joto la afya. Mwingine akauliza umri. Mzee Gisiri ameketi mbele kabisa, ameagiza kibuyu kikubwa kuliko kile cha kwanza, na pembeni yake kaka yake aliyekuja kutoka Tarime. Nikajiambia, leo huo uji hataugusa.

Nikawasha. Ikaamka kabla hajapokea kibuyu. Skrini nyeusi, vijiherufi vyeupe pembeni, na kile kimstari kinachopepesa. Nikajipigia makofi.

Mzee Gisiri akauliza mawingu yako wapi. Nikamweleza kwamba nimeyatoa, ili asisumbuke kungoja. Akaifunga mashine. Akaigeuza juu chini, akaikagua mgongo, akaigeuza tena. Akamtazama kaka yake, akaniangalia mimi.

"Huyu siye uliyenionyesha," akasema. "Umetubadilishia mnyama."

Jamani! Kwetu afadhali kuleta ng'ombe kiwete kuliko kuonyesha mmoja ukaleta mwingine. Hilo ni tusi. Nikaapa ni yuleyule. Nikafungua, nikafunga. Nikataja DOS. Kadiri nilivyoeleza ndivyo wazee walivyosogeza viti mbali nami. Hukumu: mashine imekataliwa, nilete maksai wa kweli, na mbuzi wa faini juu yake.

Nilimtafuta Maroa nimwone akicheka. Hakucheka. Alikuwa nyuma ya ghala, ameinama. Alikuwa ameshawatajia kina Rael siku ya kupeleka ng'ombe. Nikamwambia pole, shemeji. Nimesikia vibaya sana, kuliko hata yale ya Mzee.

Jumapili, 18 Oktoba

Phelesia amenieleza, na leo sikumkatiza. Baba yake aliipenda ile mashine. Aliipenda! Tangu siku ile alikuwa akiwaambia watu kwamba kuna mnyama anayebeba anga tumboni, na huinuka polepole kwa heshima, kama maksai aliyeshiba. Kaka yake alitoka Tarime ili waketi wayatazame mawingu pamoja. Kumbe hili ndilo alilotaka kuniambia Jumapili iliyopita.

Amembembeleza baba yake hadi akakubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akaniambia, bila hasira:

"Werema, mimi nimekuchagua wewe. Lakini wapo wengine wenye ng'ombe, na baba ameanza kuwataja. Leta maksai mwenye miguu, na umlete moja kwa moja."

Nimeapa kwa jina la mama. Nililia kidogo. Yeye pia. Sitaki kumpoteza huyu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mungu ni mkubwa! Mjomba Matiko amenihurumia. Amenipa mbuzi na maksai mweusi, shingo nene, mpole. Akanionya kwamba maksai huyu si wake tena wala si wangu, ni wa Phelesia, nisisimame njiani hata kunywa chai.

Naandika haya kibandani Migori, nakunywa chai. Mbuzi nimeshamtanguliza kwa gari la Kehancha. Maksai nimemfunga kwenye nguzo ya simu. Habari ya kwa kina Phelesia imenifikia: wazee wameketi, sufuria zimetelekwa mekoni, na Maroa amekwenda kumchukua baba yake Rael ili apokee maksai hapo hapo.

Nilipita dukani mara moja tu, kuaga. Nikakuta ujumbe wa simu kutoka kwa Javan. Ofisi yao inatoa mashine nyingine. Ina memori mara mbili ya ile. Inaamka upesi, tena na mawingu yake yote. Javan mwenyewe hataki kingine ila maksai mmoja, kwa sababu ana matanga mengine.

Sikumwahidi Javan kitu. Nimefikiri tu. Mzee apate anga lake, Maroa apate kasi yake, Phelesia aone kwamba mumewe ni mtu wa kufikiri. Maksai atawapa nini cha haya? Kwenda kutazama si kubadilishana.

Nimemtuma kondakta wa Kehancha awaambie waendelee kupika, nachelewa kidogo. Lori la Homa Bay linapakia, na dereva amekubali kumbeba maksai.