Foleni ya Kuiokoa Wodi ya Rowan

Jumatatu, 9 Oktoba

Ukungu tangu alfajiri. Umeuficha mnara wa kanisa, umeyaficha maduka, umebakiza miguu tu ikipita barabarani kana kwamba haina wenyewe. Siku njema ya kuanzisha mapambano.

Nimeisoma barua ya bodi ya hospitali. Ilifika mwezi uliopita. Nilikuwa naitumia kuweka alama kitabuni. Bodi inataka kuihamisha Wodi ya Rowan, wodi yetu ya wagonjwa wa akili, kutoka hapa Skelbeck kwenda mjini Harcaster. Mwendo wa mabasi mawili! Kabla ya kuamua, inaomba maoni ya wananchi. Mwisho wa kuyapokea ni tarehe kumi na nane. Zimebaki siku tisa.

Rowan ndimo alimolazwa mdogo wangu Edwin. Mara ya tatu sasa tangu mkewe afariki. Kila siku saa nane mchana natoka nyumbani, nakata uwanja wa kriketi, nafika baada ya dakika kumi na moja. Tunakaa dirishani. Hatusemi mengi. Majani yanaanguka bustanini, moja, halafu jingine, na wakati mwingine sijui tumekaa saa moja au mwaka. Wodi ikihama, nitamwona lini?

Nimeapa. Rowan haihami.

Leo nimemwambia Edwin asiwe na wasiwasi, mambo yote yamo mikononi mwangu. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Utani! Dalili njema kabisa. Akaanza kusema jambo kuhusu kuhama. Nikamwambia apumzike.

Jumanne, 10 Oktoba

Fedheha. Ambrose Tickell amenitangulia. Tayari ameunda Kamati ya Kuiokoa Rowan, na mwenyekiti ni yeye. Eti kwa sababu alikuwa mkuu wa stesheni! Stesheni yenyewe ilifungwa zamani, sasa inauza mazulia.

Nilikwenda kikaoni kwake. Ana kengele mezani. Nilipofungua kinywa akaipiga, akaniambia, "Bwana Threlfall, anayetaka kusema hunyosha mkono." Nikamjibu kwamba nimepima barabara za wilaya hii miaka thelathini na minne bila kumnyoshea mtu mkono. Akasema inaonekana, maana nyingi zimepinda. Wote wakacheka. Hata mkewe, aliyekuwa jikoni.

Nimejiuzulu papo hapo. Nimeunda Kamati Huru ya Kuiokoa Rowan. Wanachama: mimi, na jirani yangu Bi. Winifred Scaife, ambaye hawezi kwenda kwa Tickell kwa sababu paka wa nyumba ile humpigisha chafya. Uongozi bora huanza na watu wachache.

Baada ya chai nililala kidogo kwenye kochi. Nikaona bustani ya Rowan ikiwa na jua la majira ya joto, na watu wote wa Skelbeck wamesimama kimya kwenye nyasi, hakuna aliyekohoa. Meya alikuwa ananisogelea polepole sana, amebeba kitu kinachong'aa kwenye mto wa mahameli. Niliamka kabla hajafika. Nikajaribu kulala tena. Wapi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mpango wa kwanza. Mzuri mno, ingawa nausifu mwenyewe.

Bodi imemtuma Bi. Nerys Colclough kukusanya maoni. Mwanamke mpole, ana kalamu za rangi sita. Nilimwalika asafiri nami kwa basi hadi Harcaster, ajionee mateso ya kumtembelea mgonjwa huko. Nilichagua Alhamisi makusudi: basi la pili la Alhamisi haliji. Halijaja tangu Pasaka. Nilibeba blanketi, mwavuli na dawa ya kichefuchefu, nikavaa sura ya mtu mgonjwa.

Jua likawaka! Basi la kwanza likafika kwa dakika yake. Dereva akatukaribisha, "Ingieni, wapenzi wangu, leo mnaona mpaka baharini." Tukapanda milimani. Kondoo walikuwa wamesimama juu ya mawingu. Bwawa la maji limelala bondeni kama sahani ya fedha iliyosahauliwa na mtu. Injini ilikuwa inaimba wimbo mmoja, wa chini, mrefu, na joto la kioo likanijia shavuni.

Nilisinzia. Lazima niseme ukweli.

Nilipozinduka tulikuwa tumeshahamia basi la pili. Lilikuwa linatungoja, mlango wazi. Bi. Colclough alinishika mkono kunivusha na mimi sikumbuki chochote. Alikuwa ameegemeza shavu kiganjani, anatazama nje. Akasema ana miaka kumi na mmoja ofisini na hajawahi kupata asubuhi kama hii. Akafungua daftari, akachagua kalamu ya kijani, akaandika kwamba safari inatuliza moyo. Nikamsihi aongeze habari za baridi. Akauliza baridi gani. Nilikuwa nimevua sweta.

Tulipofika Harcaster, Bi. Colclough alitaka kunionyesha jengo jipya la wodi. Nikakataa kuingia. Ni suala la msimamo. Nilikaa ukutani nje, nikala mkate wangu wa jibini. Alipotoka akaanza kunieleza habari za vyumba. Nikaziba masikio kwa adabu, yaani niliimba wimbo wa kanisani mpaka akanyamaza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mpango wa pili. Huu haushindwi.

Jumanne ijayo bodi itakuwa na kikao cha wazi katika ukumbi wa kanisa, saa nane mpaka saa kumi. Hakuna hotuba. Mtu huingia, hupewa vibandiko vitatu vya kijani, kisha huvibandika kwenye ubao autakao: Rowan Ibaki, au Rowan Ihame. Hesabu ya vibandiko inakwenda kwa bodi.

Nimewakusanya wazee wenzangu wanaokula pamoja chakula cha mchana kila Jumamosi. Watu thelathini na wanane! Vibandiko mia moja na kumi na vinne! Tickell ana watu ishirini na kitu, nusu yao jamaa za mkewe. Niliwafundisha baada ya pudini, tukitumia kabati la jikoni la ukumbi badala ya ubao. Kuingia, kupokea, kubandika, kutoka. Tulirudia mara nne. Bi. Scaife akaniuliza itakuwaje mtu akitaka kubandika kwenye ubao wa pili. Nikamwuliza ni nani atakayetaka. Akasema alikuwa anauliza tu.

Kisha nikaenda kwa Edwin. Alikuwa amechoka. Mzee wa kitanda cha jirani alilia usiku kucha, na kati yao pana pazia tu. Nikamwambia atazame miti ilivyopendeza. Akaitazama. Nami nikaitazama, mpaka nikahisi tumekuwa wadogo tena, tunaungoja mto ushuke tuvuke kwenda kwa shangazi.

Wakati natoka, Nesi Adaeze alinisimamisha mlangoni. Akaniuliza kama nimeshamwuliza Edwin anataka nini. Nikamweleza kwamba mgonjwa hatwishwi mizigo ya siasa. "Haya, mpenzi," akasema. Nadhani alinikubali.

Jumanne, 17 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa nane kamili tuliingia ukumbini, watu thelathini na wanane, mimi mbele. Hewa ilijaa mvuke na harufu ya makoti mabichi. Taa zilikuwa na duara za dhahabu. Ndani palikuwa na foleni. Ndefu, imepinda mara mbili. Na mwanzoni mwake, Tickell na watu wake wote! Kumbe walikuwa wamekuja tangu saa saba na nusu. Niliwaambia wangu kwa sauti ya chini, "Jiungeni na foleni. Mtu asitoke."

Wakajiunga. Nani asingejiunga? Foleni ikiwepo, mtu husimama nyuma yake. Na ukishasimama huwezi kumgusa aliye mbele na kumwuliza foleni ni ya nini. Angekuonaje?

Tukasimama. Tulikuwa tunasogea hatua moja, tunapumzika, hatua nyingine. Mvua ilikuwa inatembea polepole juu ya paa. Mtu nyuma yangu alikuwa anasimulia harusi ya binti yake kwa sauti ya chini, ua moja baada ya jingine. Nilijiona juu ya farasi mweupe. Farasi naye alikuwa kwenye foleni, mtulivu, anangoja zamu yake. Bi. Colclough alikuwa amesimama peke yake mwisho wa ukumbi, kati ya mbao mbili tupu, ameshika vibandiko. Mara kwa mara alitupungia mkono. Tukampungia.

Saa kumi kasoro dakika tano nilifika mbele. Mama mmoja wa kanisa akaniuliza, "Maziwa, bwana?"

Ilikuwa foleni ya chai.

Birika kubwa ndilo lililochelewesha. Lilikataa kuchemka saa nzima. Tickell alikuwa dirishani, nyuma kabisa ya foleni, na kikombe chake, uso mweupe kama sahani. Alikuwa amepata chai saa tisa na robo, akaona watu wangu wamesimama, akadhani kuna foleni nyingine, akaenda nyuma kujipanga tena. Watu wake wote vivyo hivyo. Nilimwambia hivyo ndivyo alivyoendesha treni. Akaniambia afadhali treni yake ilikuwa na mahali pa kufika.

Mlinzi wa ukumbi akazima taa moja moja. Bi. Colclough akanionyesha ripoti yake kwa huruma. Waliohudhuria: sitini na watatu. Vibandiko vya Ibaki: sifuri. Vya Ihame: vitatu. Maoni ya jumla: skonzi zilisifiwa sana.

Vitatu! Nikamwuliza ni nani aliyebandika, maana sisi sote tulikuwa kwenye foleni. Akasema watu hawatajwi majina. Ila ni mgonjwa mmoja, aliyekuja na nesi wake. Aliingia, akabandika, akaondoka. Hakutaka chai.

Jumatano, 18 Oktoba

Siku ya mwisho ya maoni. Ukungu umerudi. Nilivuka uwanja wa kriketi bila kuuona. Nilikuwa nasikia viatu vyangu tu.

Nilimweleza Edwin yote: foleni, birika, na msaliti. Nikasema huyo mgonjwa hakika alishawishiwa, maskini, hakujua afanyalo.

Edwin akaniambia ni yeye.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza akiwa chumba cha pili, "Kaka, kule kila mtu ana chumba chake. Kina mlango. Unaufunga mwenyewe." Amelala miezi minne nyuma ya pazia, anasikia watu watano wakiota. Jengo jipya alipelekwa kuliona mwezi Septemba, pamoja na wenzake. Alikaa kwenye kitanda cha kule dakika tano, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki hakusikia kitu. Kimya tu. Akasema alitamani kukaa humo mpaka jioni.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu Jumatatu ya wiki iliyopita, na Ijumaa, na Jumapili. Nilimwambia apumzike.

Nikasema, na mimi je? Nitakuona lini? Akanishika mkono. Hajanishika mkono tangu mazishi. Akasema nije Jumapili tu, mabasi mawili ni safari nzuri, Bi. Colclough mwenyewe ameandika. Akasema akinikosa siku sita atakuwa na la kunisimulia siku ya saba. Akaniomba nimwahidi: Jumapili tu.

Nikaahidi. Tukakaa. Nje hapakuwa na miti, hapakuwa na bustani, ni weupe tu uliotanda mpaka kwenye kioo. Ilikuwa kama dirisha linafikiri.

Ijumaa, 1 Desemba

Bodi imeamua. Rowan itahama masika. Tickell alinipigia simu. Akaniambia, "Basi, bwana," akakata. Bi. Scaife ameniletea keki. Anasema Edwin amenenepa kidogo. Kweli, amenenepa. Jana alicheka mara mbili.

Nimefikiri sana juu ya maneno yake, na nimemwelewa. Jumapili tu! Mtu hasemi hivyo isipokuwa anajikaza. Hataki kunisumbua. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni: mwenye njaa zaidi ndiye anayesema ameshiba.

Kwa hiyo leo nimekwenda Harcaster. Nimepata nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, mkabala na jengo jipya. Nilisimama dirishani mwa sebule, theluji ya kwanza ikaanza kushuka bila haraka, na ng'ambo ya barabara nikayahesabu madirisha mpaka nikalipata la chumba kitakachokuwa chake. Hatua sitini! Nitaweza kumpungia mkono asubuhi, mchana na jioni. Siku za kazi, siku za sikukuu, siku zote. Nikainua mkono nikajaribu. Fundi wa rangi aliyekuwa chumbani humo akanipungia.

Dalali akaniuliza kama ndugu yangu amefurahi kusikia. Nikamwambia atafurahi mno, atakaponiona. Kumwuliza sasa kungeharibu kila kitu.

Nimetia saini.