Vijiduara Kumi na Kimoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari kasema wasiwasi ukiandikwa unapungua. Basi naandika. Mimi ni mfanya usafi kwenye kliniki yake ya meno, na ananijua: nikiwa na jambo, nadeki chumba kimoja mara tatu. Leo nimedeki mara nne.

Jambo lenyewe ni binti yangu. Anasomea upimaji wa ardhi na kalkulasi imemkaba koo. Majaribio mawili, kaanguka yote mawili. Zoezi la kupeleka Jumatano ndilo la mwisho. Akikosa nusu ya alama, anaondolewa kozini.

Nimekutana kwenye ngazi na jirani wa juu, ninayemwita Mama Tisini kwa kuwa mwanawe, anayesoma darasa moja na wangu, hashuki chini ya hapo. Kaniuliza kwa upole kama binti ameshafikiria kujifunza kusuka nywele. Nikasema ahsante. Jibu zuri nimelipata nikiwa tayari ndani na mlango nimefunga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kutwa binti kainamia grafu zake. Nimempelekea chai mara tano, mradi nichungulie. Kanieleza kwamba huu ni mstari wa vipande: kipande hiki kina kanuni yake, kile kina yake, mingine inachorwa na pengo lake, na mingine anaitafutia namba inayoitwa k ili vipande vikutane bila kuacha pengo. Nikauliza kwani aliyevikata ni nani. Akacheka, akanikumbatia, akasema mama nenda ukapumzike.

Kupumzika. Mimi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeokoa jahazi. Asubuhi binti alipokuwa akioga nililitazama zoezi mezani. Michoro safi kabisa, ila kwenye ncha za mistari kuna vijiduara. Vingine vimejazwa wino, vingine vitupu. Maskini, alichoka. Miaka tisa kliniki imenifunza kwamba tundu usiloliziba leo, kesho shavu limevimba. Nikachukua kalamu, nikatoa ulimi nje kidogo, nikaviziba vitupu vyote kumi na kimoja. Sikuvuka mstari hata mmoja. Binti katoka, kakunja karatasi, kaondoka mbio. Nikaliombea dua begi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Amepata thelathini na nane.

Kila kiduara changu kimezungushiwa wino mwekundu. Pembeni mwalimu kaandika: x moja haiwezi kuwa na majibu mawili. Kumbe kiduara kitupu kina kazi yake. Maana yake mstari umefika hapo lakini haukai hapo, kiti ni cha mwenzake. Mimi nimekalisha watu wawili kiti kimoja, mara kumi na moja.

Binti kasema hiyo kalamu si yake. Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nakagua dari. Kaingia chumbani, kafunga mlango. Heri angenifokea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeungama kwa daktari. Nilisubiri awe anaziba jino la mgonjwa, maana hapo mmoja hawezi kukimbia na mwingine hawezi kucheka. Daktari akasikiliza hadi mwisho. Kisha akampa mgonjwa ile karatasi nyembamba ya rangi, akamwambia ang'ate, asage. Palipozidi pakaacha alama. Akapunguza, akamng'atisha tena, mpaka dawa aliyozibia na jino vikawa sawa. Akaniambia k ndiyo hiyo: jino limeishia kimo fulani, nawe unatafuta kimo cha dawa ili kianzie papo hapo, si juu wala chini. Mgonjwa akanyanyua kidole gumba.

Nikapitia nyumbani kuchukua lile zoezi, nikaenda chuoni na koti langu la kazi. Mwalimu ni kijana, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikamwambia mkosaji ni mimi. Hakuamini, akasema wazazi husema mengi. Nikaomba karatasi, nikamzibia kiduara kimoja mbele yake. Akakilinganisha na vile vingine. Akajikuna shingo, kisha akasema Jumatatu binti atakwenda ubaoni. Swali moja tu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemweleza binti habari ya jino. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kaniita mama.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimechungulia kupitia dirisha la darasa, nimesimama juu ya ndoo. Swali: kabla ya mbili, mstari ni tatu mara x, jumlisha moja. Kuanzia mbili, ni x jumlisha k. Tafuta k.

Binti kaganda. Moyo wangu nao. Kisha nikamwona anasaga meno taratibu. Akaandika kwamba wa kwanza unaishia saba, basi na wa pili lazima uanzie saba. Mbili jumlisha ngapi? Tano. Mimi nilishaipata kwenye vidole.

Amefaulu, anabaki kozini. Nyumbani kaniapisha nisiguse tena kazi zake. Nimeapa, na machozi juu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Asubuhi binti kaenda kuanika nguo. Mezani kaacha ramani ya kilima anayoipeleka leo. Mistari mingi, kila mmoja na kimo chake cha mita, imezungukana, na yote imepinda. Hata mmoja haukunyooka, mkono bado unamtetemeka kwa yale ya jana. Mwalimu wa ramani si yule wa vijiduara, na kiapo kilihusu kalkulasi.

Nimeinyoosha yote kwa rula. Kilima kimependeza sana.